Habari Isiyo na Mwenyewe: Simu ya Mkononi na Amani Yetu

Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa kamati za amani, watangazaji wa redio za vijijini na wajumbe wa vijana wa Kivu na Ituri

  

Tumepewa kazi ya kusema juu ya namna simu na intaneti zimebadili mazungumzo ya watu. Hatutasema kama mafundi wa mashini. Kazi yetu ni amani, basi tutaangalia simu kwa upande huo tu: inapoleta habari kijijini, je, habari hiyo inatusaidia kuishi pamoja, au inatupeleka kwenye panga na bunduki? Na tutashika swali moja toka mwanzo mpaka mwisho: habari hii ni ya nani?

Zamani habari ilikuja na jina

Kabla ya simu, wakaaji wa nchi yetu walijua kutuma habari mbali. Mnajua wote ngoma ya lokole, ule mti mrefu uliochimbwa ndani. Walokele, wanaoishi kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walikuwa mabingwa wake. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alijifunza ngoma hiyo kwao, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake.

Kuna mambo mawili katika kazi ya lokole ambayo tunaomba myatunze vizuri. La kwanza ni hili. Ngoma haisemi maneno, inatoa sauti ya juu na sauti ya chini tu. Maneno mengi mafupi yanaweza kufanana yakipigwa kwenye ngoma. Kwa hiyo mpigaji hakupiga neno fupi peke yake. Alipiga usemi mrefu unaojulikana na watu wote, ili msikilizaji wa kijiji cha pili asikosee. Alitumia muda zaidi ili habari ifike sawasawa.

La pili: kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Ndani yake mlikuwa jina lake mwenyewe, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Kwa hiyo waliosikia ngoma usiku waliweza kujua habari inamhusu nani na wapi pa kumtafuta. Habari ilitembea kilometa nyingi, kijiji kwa kijiji, lakini haikupoteza wenyewe njiani.

Baadaye ilikuja barua, iliyopewa dereva wa lori, padri au mama mwuza samaki. Ilikuwa na sahihi chini, na aliyeileta aliweza kuulizwa maswali. Ikaja foni, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa kwenye misioni, kwa wafanyabiashara na kwenye viwanja vidogo vya ndege. Kwenye foni ulitaja jina lako na mahali ulipo kabla ya kusema. Na watu wote waliosimama pale walikusikia, hata wale ambao hukutaka wasikie. Hapakuwa na siri nyingi, lakini hapakuwa pia na njia rahisi ya kusema uongo na kujificha.

Hatusemi kwamba watu wa zamani hawakusema uongo. Ulimi hauna mfupa, tangu babu zetu. Tunasema tu kwamba uongo ulipokuja, ulikuja na mtu, na mtu huyo aliweza kuitwa barazani.

Simu imetuletea mema mengi

Simu za mkononi zilianza kuenea kwetu wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003. Nchi ilikuwa imegawanyika, barabara zimekatika, na ndugu hawakuonana miaka mingi. Ndipo mtu aliyekuwa Bukavu aliweza kusikia sauti ya dada yake aliyekuwa Kinshasa. Wengi walilia siku ile. Hilo lenyewe lilikuwa kazi ya amani, na haifai kulisahau.

Leo mkulima anauliza bei ya maharagwe kabla ya kupakia mzigo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anaitiwa mwenye pikipiki usiku. Familia iliyohama inapokea pesa kwa simu toka kwa mtoto aliye mbali. Kijiji kimoja kinaonya kingine kwamba watu wenye silaha wanapita. Wengi kati yetu hapa tuko hai kwa sababu mtu fulani alipiga simu kwa wakati.

Kisha ikaja intaneti ndani ya simu. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na mwaka 2013 ikaongeza ujumbe wa sauti. Hapo mlango ulifunguka kwa watu wengi zaidi. Bibi asiyejua kusoma anabonyeza na kusema kwa Mashi, kwa Kinande, kwa Kifuliiru, kwa Kilendu au kwa Kiswahili, na mjukuu wake anasikia sauti yake yenyewe.

Basi hatukuja kulaani simu. Asiyeona faida yake hajapanda mlima jioni kutafuta rezo ili ajue kama mtoto wake amefika salama.

Nini kimebadilika kweli

Lakini kuna mambo manne yaliyobadilika, na yote manne yanagusa amani.

Kwanza, jina limepotea. Ujumbe unatoka kwa mtu, unatumwa kwa mwingine, naye anautuma kwa kikundi, kikundi kinautuma kwa vikundi vingine. Ukifika kwako, unaona jina la rafiki yako aliyekutumia. Kwa kuwa unamwamini rafiki, unaamini na ujumbe. Lakini rafiki siye mwenye habari. Yeye ni kama barabara tu iliyopitisha mzigo. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari hii. Mwaka 2018 walianza kuweka alama kwenye ujumbe uliotumwa tena. Mwezi wa kwanza 2019 walizuia mtu kutuma ujumbe mmoja kwenye mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja. Mwezi wa nne 2020, ujumbe uliokwisha kutumwa mara nyingi ukawekewa mpaka wa mazungumzo moja kwa mara moja. Hayo yanapunguza mbio. Lakini hayakuambii nani aliyesema kwanza.

Pili, hatusikii tena pamoja. Redio inapoongea sokoni, Mhema na Mlendu, Mnande na Mhutu, Mfuliiru na Mnyamulenge wanasikia neno lilelile. Wanaweza kubishana, lakini wanabishana juu ya jambo moja. Vikundi vya simu mara nyingi ni vya watu wa kabila moja, wa kijiji kimoja, wa upande mmoja. Kila upande unasikia habari zake, unalia kilio chake, na haujui jirani ameambiwa nini usiku uleule.

Tatu, siku na mahali vimepotea. Sauti inasema «wameingia, kimbieni», lakini haisemi leo au mwaka jana. Picha ya maiti inaweza kutoka nchi nyingine kabisa, au katika vita vya miaka mingi iliyopita. Sasa hata sauti na sura ya mtu vinaweza kuigwa na kompyuta, hata ukadhani ni mkubwa fulani anaongea. Zamani tulisema «nimesikia kwa masikio yangu». Neno hilo halitoshi tena.

Nne, msemaji anaweza kuwa mbali na moto anaouwasha. Wako ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wanaotusaidia sana, wanalipa masomo na dawa, na wanatetea amani. Lakini wako pia wachache wanaorusha maneno ya chuki toka nyumba yenye joto na umeme, na nyumba hiyo haitachomwa kesho. Itakayochomwa ni ya shangazi yao hapa.

Mfano mmoja

Tutoe mfano ili tuelewane. Si wa kijiji fulani, lakini kila mmoja atauona kwake.

Ni siku ya soko, saa moja asubuhi. Ng'ombe watatu hawaonekani katika zizi la mlima wa juu. Kijana mmoja anatuma ujumbe wa sauti kwa mjomba wake: «Ng'ombe hawaonekani, labda wamepita upande wa mto.» Mjomba anawaelezea wenzake kwa lugha nyingine, na neno «labda» linadondoka njiani: «Ng'ombe wamepelekwa upande wa mto.» Saa mbili, kikundi cha vijana kinasikia: «Watu wa mto wameiba ng'ombe.» Saa tatu, picha ya mchungaji aliyeuawa imeongezwa, na hakuna anayejua ilitoka wapi. Saa nne, watu wa mto nao wanasikia kwenye vikundi vyao kwamba watu wa mlima wanakusanyika. Nao wanakusanyika. Saa tano, wamama sokoni wanaanza kufunga mizigo, na kila mmoja anaona mwenzake anafunga, basi anajua kwamba ni kweli.

Angalieni vizuri. Hakuna mtu hata mmoja hapo aliyetaka vita. Kijana wa kwanza alisema kweli. Mjomba alitafsiri haraka. Wengine walituma mbele kwa nia ya kuonya ndugu zao. Lakini mpaka saa tano, hakuna aliyempigia simu mtu wa upande wa pili kuuliza. Na ng'ombe wenyewe pengine wamelala kivulini nyuma ya kilima.

Simu iliyotumika kukusanya vijana ndiyo hiyohiyo ingeweza kutumika kuuliza. Bei ya uniti ni ileile. Kilichokosekana ni namba ya mtu wa upande wa pili, na desturi ya kumpigia.

Tuliyojifunza wakati wa Ebola na wakati wa volkano

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaenea mpaka Ituri na kugusa Kivu Kusini, na ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Ni msiba mkubwa. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo kweli. Na walioikosea imani serikali na wakubwa ndio pia waliokuwa nyuma katika kukubali chanjo.

Je, watu wa Beni ni wajinga? Hapana. Walikuwa wamechinjwa miaka mingi bila kupata ulinzi, kisha wakaona magari mengi yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwezi wa Desemba 2018 wakaambiwa kwamba kwa sababu ya Ebola na usalama, uchaguzi wao umeahirishwa mpaka Machi 2019, wakati sehemu kubwa ya nchi inapiga kura. Ndipo ujumbe usio na jina uliosema «Ebola ni siasa» ulipata udongo mzuri wa kuota. Tarehe 19 Aprili 2019, mganga Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni, aliuawa ndani ya hospitali huko Butembo.

Nini kilisaidia? Si kupaza sauti zaidi. Walisaidia watu wenye majina: waliopona ugonjwa, waliorudi na kusema «mimi nilikuwa mgonjwa, mnanijua, niulizeni». Walisaidia waliozika kwa heshima na kuiacha familia ione uso wa maiti kupitia mfuko unaopenya macho, ili neno la «wanaiba viungo» lishindwe lenyewe. Habari ilipopata mwenyewe, na mwenyewe akakubali kuulizwa, hofu ilianza kushuka.

Volkano ya Nyiragongo nayo ilitufundisha. Tarehe 22 Mei 2021 jioni moto ulishuka tena kuelekea Goma, na wakaaji hawakuwa wameonywa. Watu waliona mbingu nyekundu kabla ya kusikia neno lolote la wakubwa. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, na simu zilijaa maneno: ziwa litalipuka, hewa ina sumu, mji utazama. Tarehe 27 Mei serikali iliagiza mitaa kumi ya mji ihame, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Hatari ilikuwako kweli, na hata wataalamu wenyewe waliogopa moto ulio chini ya mji na ziwa. Lakini fundisho ni hili: pale wenye majina wanaponyamaza, wasio na majina wanasema. Hata neno dogo kama «bado tunachunguza, tutawaambia saa kumi na mbili» linazuia mengi, kama tu saa kumi na mbili mtu anakuja kweli kusema.

Kufunga intaneti si dawa

Wako wanaosema: basi serikali ifunge mtandao. Jambo hilo tumeliona. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe wa maandishi wa simu ulikatwa nchini. Januari 2015 intaneti ilifungwa wakati wa maandamano. Kisha toka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya kupiga kura, nchi ilikaa karibu siku ishirini bila intaneti, na Ebola ilikuwa bado inaua.

Mtandao ukifungwa, uvumi haufi. Unarudi mdomoni, unatembea kwa miguu na pikipiki. Anayekosa njia ni yule aliyetaka kuuliza: mwandishi wa habari, muuguzi, mwanakamati wa amani. Ni kama kuzima taa kwa kuwa umemwona nyoka ndani ya nyumba.

Sheria ziko. Amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imekuja kuongeza juu ya yanayosemwa kwenye mitandao. Ni vizuri vijana wajue kwamba kutuma mbele maneno ya chuki si mchezo. Lakini sheria inafika wakati nyumba imekwisha kuungua. Sisi tunataka kufika saa mbili, kabla ya saa tano.

Mwenye jina analipa bei

Hapa tuseme neno zito, kwa kuwa tunajua mnalifikiri. Kusema «hii ni habari yangu» kunaweza kuua. Redio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikisema kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, na watu wengi waliiamini kwa sababu waandishi wake walitaja majina yao na kuuliza pande zote. Huko Bukavu, Serge Maheshe aliuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo akauawa tarehe 21 Novemba 2008. Wote wawili walikuwa wa Redio Okapi. Hatutamwambia mjane anayeishi katikati ya watu wenye silaha kwamba ajitaje hadharani. Kwa hiyo tunatenganisha mambo mawili. Shahidi anaweza kufichwa. Lakini lazima awepo mtu mmoja anayejulikana, katika kamati au katika redio, anayemjua shahidi na anayejibu kwa ajili ya habari hiyo.

Na tuseme pia upande wa pili. Jina peke yake halitoshi. Kwa jirani zetu wa Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilikuwa na wenye jina na watangazaji waliojulikana, na toka 1993 mpaka 1994 ilisukuma watu kuua. Lakini kwa kuwa sauti zilijulikana na wenyewe walijulikana, baadhi yao waliweza kusimama mbele ya mahakama ya kimataifa huko Arusha, na hukumu ikatoka mwezi wa Desemba 2003. Jina halizuii uovu wote, lakini linampa mtu hesabu ya kutoa.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo saba. Hayahitaji pesa nyingi wala simu kubwa.

1. Kila kamati iwe na namba za watu wawili wa kila kijiji jirani, mama mmoja na baba mmoja, pamoja na wa kabila lingine. Namba ziandikwe kwenye karatasi pia, kwa maana simu inaibiwa na betri inakwisha.

2. Habari ya hofu ikifika, usiitume mbele, hata kwa kuuliza «ni kweli?» Ukiituma kwa watu mia kuuliza, umewatangazia watu mia. Mpigie mtu mmoja aliye karibu na mahali panapotajwa.

3. Uliza maswali manne: Nani aliona kwa macho? Wapi? Siku gani na saa ngapi? Nani mwingine aliona? Kama hakuna jibu la swali la kwanza, hiyo bado si habari, ni uvumi.

4. Kuweni na daftari la uvumi. Andikeni siku, saa, neno lililosemwa, njia lililopitia, mliyemwuliza na mlichokikuta. Baada ya miezi mitatu mtaona mambo yanayorudi: siku za soko, wakati wa kuhamisha ng'ombe, wakati wa uchaguzi. Hapo mtaweza kujitayarisha kabla. Lakini majina ya mashahidi yasiandikwe ndani yake, kwa sababu daftari linaweza kuanguka mikononi mwa watu wabaya.

5. Mkijua kweli, jibuni kwa njia ileile. Uongo uliokuja kwa sauti ujibiwe kwa sauti. Na anayejibu aseme, kama usalama unaruhusu: «Mimi ni fulani, wa kamati ya mahali fulani, leo tarehe fulani, saa fulani, nimeongea na mwenzangu wa upande wa pili.» Ni vizuri zaidi wasemaji wawe wawili, mmoja wa kila upande, katika ujumbe mmoja. Msirudie matusi yaliyosemwa. Semeni kweli tu. Kama hamjajua, semeni «hatujajua», na mtaje saa mtakayorudi.

6. Anayetafsiri awe mwangalifu. Maneno «labda», «nasikia» na «inasemekana» ni madogo, lakini yanabeba maisha ya watu. Asiyaache njiani. Mpigaji wa lokole alirefusha maneno ili watu wasikosee; nasi tusiyafupishe mpaka yakauwa.

7. Msiwasahau wasio na simu. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama anasikia habari za mwisho, zimeshaharibika. Wazee, wakimbizi waliohama makwao, watoto wanaolinda mbuzi, wote wanapokea hofu bila kupokea masahihisho. Neno la kweli lipelekwe pia kanisani, msikitini, kisimani na sokoni. Watangazaji wa redio, hapo ndipo tunawahitaji sana: someni masahihisho ya kamati kwa saa inayojulikana, ili pande zote zisikie pamoja.

Kwa vijana

Tunataka kuwaambia vijana neno la pekee, kwa kuwa simu iko mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwetu. Watu wanaotaka kuwatumia wanajua kwamba hamna kazi, mna hasira, na mna haki ya kuwa nayo. Wanawatumia sauti usiku na kuwaita mashujaa. Kabla ya kutoka nyumbani na panga, uliza swali letu: habari hii ni ya nani, na yeye mwenyewe yuko wapi usiku huu? Kama yuko mbali, analala, basi vita hivyo si vyako.

Ninyi mnajua kutafuta picha ilitoka wapi, mnajua kuona kama sauti imekatwa na kuungwa. Wafundisheni wazee wenu. Nao wazee watawafundisha jambo ambalo simu haina: namna ya kukaa na mtu aliyekuudhi, mkagawana maji, na kumwuliza uso kwa uso.

Kabla hamjatoka hapa

Ndugu zetu, hatutaki mkutano huu uishe kwa makofi. Tunaomba jambo moja, tulifanye sasa hivi kabla ya chakula. Kila mmoja amtafute humu ndani mtu wa jamii ambayo watu wake wanaiogopa, mpeane namba, mwandike majina kamili, na mpigiane simu mara moja hapahapa ili mhakikishe namba ni sahihi. Kisha kila juma mpigiane hata kama hakuna tatizo: uliza mvua, uliza watoto, uliza mihogo. Namba unayoipiga siku ya hatari tu haijibiwi kwa moyo mmoja. Ile inayopigwa siku zote inajibiwa hata saa nane usiku.

 Sasa tusimame, tutoe simu na kalamu, tuanze.